Maharage ya Darasa la Pili

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa kumi

Siku kubwa! Niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Asubuhi Maman Colombe, directrice wetu, mkuu wa shule, alituita ofisini walimu wote sita. Akasema kuanzia leo sayansi haitafundishwa ubaoni peke yake. Kila darasa litapata tuta moja nyuma ya shule, pale palipokuwa panamwagwa majivu ya jikoni. Watoto watapanda maharage, watapima, wataandika. Tarehe 25 atakuja agronome, mtaalamu wa kilimo, kutazama. Darasa litakalompendeza litapanda boti mpaka Kalehe, kutembelea shamba la mbegu.

Nikapiga hesabu palepale. Madarasa sita. Mpinzani wa kweli ni mmoja: Maman Jeanine wa darasa la tatu. Mwanamke akichomeka mpini wa ufagio ardhini, unatoa maua. Mimi maishani mwangu sijaotesha kitu zaidi ya ndevu.

Lakini akili ninayo. Na nina watoto thelathini na wanane wa darasa la pili. Nikarudi darasani nikawaambia tunakwenda Kalehe. Sikusema tukishinda. Nilisema tunakwenda. Walipiga kelele mpaka darasa la tano wakafunga madirisha.

Nafisa hakupiga kelele. Ni binti wa Papa Almasi muuza vitenge, ana miaka saba, anakaa benchi la mbele na rula yake ya chuma. Akanyosha kidole, akauliza kama boti ikiwa inakwenda mtu anaruhusiwa kutia mkono ndani ya maji. Nikauliza ni wangapi wamekwisha kupanda boti. Watatu. Watatu tu! Ziwa liko pale chini, hapa Nyalukemba tunaliona dirishani mwaka mzima, nao hawajawahi kuwa juu yake.

Moyo uliniuma kidogo. Kisha nikaendelea kupanga.

Jumanne, tarehe 3

Mpango wa kwanza umetimia. Mwongozo wa walimu unasema mbegu iliyolowekwa huota mapema kuliko mbegu kavu. Maman Jeanine amepanda kavu. Nilimwona kwa macho yangu. Maskini.

Mimi asubuhi niliona sufuria ya Mapendo, mke wangu, iko kando ya jiko la makaa, imefunikwa kitambaa. Ndani, maharage. Yamevimba, manono, laini kama mashavu ya mtoto. Nikachota vikombe viwili nikaondoka mbio.

Tulipanda saa nne. Kila mtoto punje moja. Nikawapa daftari la tuta na kumchagua Nafisa awe mwandishi, kwa sababu ya ile rula. Nikawaambia: andikeni mnachokiona, si mnachokitaka. Maneno mazuri! Sijui niliyatoa wapi. Maman Directrice alikuwa anapita, akaitikia kwa kichwa. Alama moja kwangu.

Jioni Mapendo aliuliza ni nani amekula maharage yake. Nikasema hakuna aliyeyala. Ni ukweli mtupu. Akasema aliyeyala atalala na tumbo. Sikuelewa, nikala viazi.

Jumatatu, tarehe 9

Tuta la darasa la tatu limepasuka. Vishingo vya kijani vimejikunja, safu kwa safu, kama watoto wa sakramenti ya kwanza. La nne limeota pia. Hata la kwanza, wale ambao hawajui hata kufunga kamba za viatu!

Letu: hakuna. Nimewaambia watoto mbegu bora haina haraka. Nafisa ameandika: hakuna kitu. Nikamwomba aandike «karibu». Akauliza karibu ni santimetre ngapi.

Jumatano, tarehe 11

Aibu. Watoto waliomba kufukua mbegu moja ili waone inafanya nini huko chini. Ningekataa, lakini Maman Directrice alikuwa dirishani, akasema huo ndio udadisi anaoutaka.

Tukafukua. Punje ikapondeka kama uji. Merveille, ambaye mama yake anauza chakula karibu na bandari, akaichukua, akaigeuza, akainusa.

«Mwalimu, hii ni maharagi ya kupika. Maman anapikaka hivi kila siku.»

Nikasema haiwezekani. Tukafukua nyingine. Na nyingine. Zote uji. Kicheko kilianzia kwenye tuta la darasa la tatu kikaenda mpaka lango la shule.

Nyumbani Mapendo alinieleza. Huwa anayachemsha nusu, kisha anaitoa sufuria na kuifunika kitambaa ili yajimalize yenyewe, makaa yasiishe. Tuko ndoani mwaka wa kumi na tatu na sikulijua hilo. Nilipomwambia yaliko maharage yake, ilibidi aketi sakafuni ili acheke vizuri. «Papa Chris», aliniambia (Chris ni mtoto wetu wa kwanza), «umeenda kuzika chakula cha watu!»

Maman Directrice amenishauri nipande upya, siku kumi na nne bado zinatosha. Zinatosha kwa nani? Darasa la tatu limetutangulia siku nane. Nitembee nyuma ya Maman Jeanine mpaka tarehe 25? Hapana. Watoto nao wameomba chupa mbili za plastiki: moja waoteshe maharage mabichi, nyingine yaliyochemshwa, waone tofauti. Nimewaruhusu ili wanyamaze.

Jumamosi, tarehe 14

Mgongo hauko tena wangu. Ni wa mtu mwingine, mzee na mwenye hasira.

Maman Aimée tunasali naye kanisa moja. Ana kishamba cha maharage kule Muhumba, kinaota vizuri ajabu. Nilimwomba mashina ishirini, pamoja na mizizi. Akasema atanipa nikimchimbia mtaro wa maji ya mvua. Nilichimba toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Malengelenge manne mkono wa kuume, matatu wa kushoto.

Akauliza shule gani hii inayoazima maharage shambani kwa watu. Nikajibu ni mambo ya sayansi. Akasema siku zake za shule sayansi haikuwa inabebwa ndani ya beseni. Wavumbuzi wote walichekwa.

Jumatatu, tarehe 16

Ushindi! Jana baada ya misa nilipita shuleni, na suruali yangu ya misa. Mlinzi alikuwa amekwenda kula. Nikapanda mashina yote ishirini, nikamwagilia, nikafagia nyayo zangu.

Leo asubuhi nikawapeleka watoto kwenye tuta kama mtu asiyejua lolote. Kisha vurugu! Merveille alianguka chali kwa furaha. Nafisa akapiga magoti, akaweka rula. Santimetre ishirini na moja. Akapima tena. Akahesabu kwa vidole: Ijumaa sifuri, leo ishirini na moja, siku tatu, saba kila siku. Merveille akasema basi Noeli yatafika kwenye bati la kanisa. Nikasema Mungu akipenda.

Darasa zima la tatu walikuja kutazama. Wakachota udongo wetu mfukoni! Maman Jeanine alisimama muda mrefu, mikono nyuma. Akanipongeza, akauliza nilitia mbolea gani. Nikamwambia mbolea yangu ni uvumilivu.

Nimelala usingizi wa mchana wa mtu mwenye haki.

Jumatano, tarehe 18

Mashina yamelala. Yote. Jua la jana liliyapiga, majani yakaning'inia kama nguo mbichi. Niliyafunga kwa vijiti na uzi wa kushonea. Nikawaambia watoto yanapumzika, maana yamekua kwa kasi.

Nafisa akauliza kwa nini maharage ya Maman Jeanine hayapumziki. Nikasema yale yana wasiwasi.

Aliandika. Ananitazama siku hizi kama baba yake anavyotazama mteja anayeshika kitenge bila kukinunua.

Jumanne, tarehe 24

Mungu si wa darasa la tatu peke yao! Mvua ya siku tatu imeokoa mashina kumi na moja. Yamesimama. Mengine tisa nimeyang'oa na kusema ni kupunguza msongamano, jambo la kitaalamu.

Kuna shimo dogo pembeni ya tuta. Fuko, bila shaka. Na watoto wana minong'ono mingi. Wanakusanyika kwenye zile chupa zao dirishani: moja imejaa majani, nyingine inanuka kama choo cha soko. Nilitaka kuitupa kabla ya ugeni wa kesho. Watoto sita wakasimama mbele yake, wameshikana mikono. Nimeiacha. Hofu ya ugeni, wadogo hawa.

Hotuba yangu iko tayari. Kurasa tatu.

Jumatano, tarehe 25

Sijui nianzie wapi.

Agronome anaitwa Papa Jacques. Mtu mfupi, mabuti ya matope, sauti ya upole. Alipita matuta yote. Kwa darasa la tatu alikaa sana, akasifu safu, akauliza mimea inahitaji nini. Watoto wakajibu kwa wimbo: maji, jua na udongo! Maman Jeanine aling'aa.

Zamu yetu. Nikatoka mbele na kurasa zangu. Papa Jacques akasema kwa adabu kwamba mimi atanisikiliza baadaye, kwanza anataka watoto. Nafisa akafungua daftari la tuta. Akasoma, kidole chini ya kila mstari, kwa ile sauti yake ya kuhesabia chenji:

«Tarehe tisa: hakuna kitu. Tarehe kumi na moja: tulifukua. Maharagi ilikuwa imepikwa. Tarehe kumi na tatu: hakuna kitu. Tarehe kumi na sita: santimetre makumi mbili na moja. Tulifurahi sana.»

Nilianza kutabasamu.

«Tarehe kumi na saba: hatukufurahi tena. Ya darasa la tatu inaongezeka santimetre moja ao mbili kwa siku. Ya sisi ilikuwa saba. Tulifukua moja. Kwa mizizi kuko udongo mwekundu. Udongo wa shule iko mweusi. Maharagi haikuotea hapa. Ilikuja.»

Akageuza ukurasa. Ile chupa ya kunuka ikaletwa mbele, na ile ya majani. Merveille akaeleza kwamba ya kupika haioti hata ukiipa maji, jua na udongo, kwa hiyo mbegu inapaswa kuwa hai kwanza. Papa Jacques alichuchumaa. Akashika chupa zote mbili bila kuziba pua.

Kisha akauliza: «Na ile yenye ilikuja, ilikuja na nani?»

Watoto thelathini na wanane wakanigeukia. Walimu watano. Maman Directrice. Mimi nikatazama ziwa. Lilikuwa zuri sana leo.

Nafisa akafunga daftari. «Hiyo hatukuona, papa. Hatuwezi kuandika.»

Alhamisi, tarehe 26

Maman Directrice hakunifokea. Ilikuwa mbaya zaidi. Alinipa kiti na bilauri ya maji, akasubiri niimalize. Akasema watoto wangu wana haki ya kusikia kwangu mimi, si kwa uwanja wa michezo.

Nikasimama mbele yao. Nikasimulia yote: sufuria ya Mapendo, shamba la Muhumba, suruali ya misa. Nilidhani watacheka. Hawakucheka hata kidogo. Tatiana wa benchi la mwisho alianza kulia, akasema basi Kalehe hatuendi.

Nafisa akanyosha kidole. «Mwalimu, ulifanya vile juu ya nini?»

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Niliyaacha yote. Nikasema niliwaahidi boti kabla ya kujua kama nitaiweza, nikaogopa hawatakaa juu ya ziwa kwa sababu yangu.

Akafikiri. Akasema ziwa haliendi popote, liko pale. Akanyosha rula kuelekea dirishani ili nione. Kisha akauliza kama tunaweza kwenda kupanda maharage mabichi sasa, kabla mvua haijaanza.

Tukaenda. Punje moja kila mtoto. Mimi pia walinipa moja. Niliiweka shimoni, nikaifunika mwenyewe. Maman Jeanine alituletea bidoni yake ya maji bila kuombwa. Ilinibidi kusema asante, mbele ya watu.

Ijumaa, tarehe 27

Barua ya Papa Jacques imesomwa uwanjani. Tuta bora: darasa la tatu, wamepewa vinyunyizio viwili vya maji. Haki yao. Nilipiga makofi, si kwa nguvu lakini nilipiga.

Kisha akaandika kwamba safari ya Kalehe inakwenda kwa darasa lililotazama, likatia shaka, likajaribu, na likaandika hata lile lisilolipendeza. Darasa la pili!

Sikusikia tena kitu. Walinirukia wote, nikaanguka, nikakaa palepale chini kwenye vumbi na watoto juu yangu. Nafisa peke yake alibaki amesimama, daftari kifuani, midomo ameibana. Halafu akaruka naye.

Barua haikutaja mwalimu. Niliisoma mara tatu nikitafuta.

Maman Jeanine alinifuata langoni. Akasema watoto wake wanajua kuimba maji, jua na udongo, lakini wangu wanajua kuuliza, na hilo mtu fulani aliwafundisha. Mtu huyo alisema andikeni mnachokiona. Yeye alisikia siku ile ya kupanda. Nimetafuta tusi ndani ya maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani. Sijaliona. Mwanamke hatari.

Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja

Kalehe! Tumekwenda, tumerudi, wote thelathini na wanane, nimewahesabu mara kumi na tisa.

Nilitapika kabla hatujaiacha bandari vizuri. Mapendo, aliyekuja kusaidia, alinishika kola kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anagawa mandazi. Watoto waliimba. Nafisa aliomba ruhusa, akatia mkono majini, akauacha humo mpaka vidole vikakunjamana. Karibu na kufika akaniambia kwamba ukiwa juu yake, ziwa si la buluu. Ni la kijani. Akaomba kalamu.

Shambani tuliona vitalu vya kahawa, miche midogo chini ya kivuli cha majani makavu. Bwana wa shamba akauliza swali moja, akapata maswali arobaini. Merveille alitaka kujua mbegu inajuaje upande wa juu. Yule bwana alivua kofia, akakuna kichwa, akamwita mwenzake. Mwenzake naye akakuna.

Wakati wa kurudi Tatiana alilala begani kwangu, mate yakalowesha shati lote. Milima ilikuwa wazi, upepo kidogo. Nilikaa bila kupanga kitu chochote. Karibu saa nzima.

Jumatatu, tarehe 6

Nimetafakari kwa kina mambo ya mwezi huu, kama inavyompasa mtu mzima, na nimefikia hitimisho.

Kama nisingepanda maharage yaliyochemshwa, watoto wasingejua kwamba mbegu ni kitu hai. Kama nisingeleta yale mashina, wasingetazama mizizi. Kila walichogundua, nilikitengeneza mimi! Kwa hiyo safari ya Kalehe ni kazi ya nani? Sitaki kujisifu. Nilimwambia Mapendo. Akatoka kwenda kwa jirani, na nikamsikia akicheka huko.

Leo somo jipya: mvua. Maman Directrice amempa kila mwalimu kipimo kimoja, chupa iliyokatwa yenye alama za milimita, tukitege nje ya darasa. Kila asubuhi watoto wasome na kuandika. Hakuna zawadi safari hii, hakuna mgeni. Ni kujifunza tu, amerudia mara mbili, akinitazama mimi.

Usomaji wa kwanza, baada ya mvua ya saa mbili: darasa la tatu milimita kumi na mbili. Sisi tisa. Tisa! Mvua ileile, uwanja mmoja. Maman Jeanine amesema labda mti wa avoka unatukinga. Amesema kwa upole, na kwa upole uleule akaandika kumi na mbili yake ubaoni, kubwa, kwa chaki ya rangi.

Basi nimebaki nyuma baada ya kengele kusahihisha madaftari. Nikapita tu karibu na kipimo chetu, na birika mkononi. Nimetia kidogo. Kisha kidogo tena ili namba isionekane ya kubuni. Milimita arobaini na mbili. Hapo nikainua macho: jua kali, mbingu kavu toka saa nne, hakuna wingu hata moja kutoka hapa mpaka kisiwa cha Idjwi.

Si kitu. Kesho nitawaambia ilinyesha upande wetu.